Mshale wa temperecha unaruka ukiwasha taa: injini imechemsha kweli au geji inadanganya?

Swali limetoka kwa kijana mwenye Canter ya miaka ya tisini, injini 4D33, umeme wa volti 24, anabeba matofali kutoka Tegeta kupeleka saiti za Kigamboni. Nalifupisha: "Shikamoo fundi. Mshale wa temperecha mchana unakaa chini kabisa, unapita C (baridi) kidogo tu hata nikiwa kwenye foleni ya Mwenge na mzigo. Usiku nikiwasha taa kubwa unaruka mpaka karibu na H (moto), nikizima unarudi. Fundi wa kwanza alibadilisha sensa, haikusaidia, tena tangu siku iyo ndo mchana umeshuka zaidi. Wa pili anasema nifungue hedi (kichwa cha injini), gasketi imekufa. Wa tatu kaniambia nichomoe waya niendeshe tu, ikichemsha nitasikia harufu. Nifanye nini, sina hela ya kubahatisha."

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hedi usifungue. Pili huo waya usichomoe, na kama umeshachomoa urudishe leo leo. Harufu ya injini iliyochemsha ukiisikia kwenye kebini ujue hedi ishaanza kupinda, kwa iyo ushauri wa fundi wa tatu ni wa kukuulia gari.

Sasa nikwambie ninachokiona kwenye maelezo yako. Una matatizo mawili, sio moja, ndo maana mafundi watatu wamekupa majibu matatu. Kuruka usiku ni kitu kimoja, kukaa chini mchana ni kitu kingine, na hiki cha mchana ndo kinaniogopesha mimi zaidi, kwa sababu watu wote wanaogopa mshale ukipanda ila hakuna anayeogopa ukishuka. Miaka ya nyuma kuna lori la mteja wangu lilikuwa linapanda mlima Kitonga na mzigo, dereva akaona mshale umeanza kushuka wenyewe akafurahi akakanyaga mafuta zaidi, kumbe hozi ya chini imepasuka, maji yote yameisha, sensa imebaki inaning'inia kwenye hewa na mvuke. Sensa inapima maji, yakiisha haina cha kupima. Ile injini ilikamata palepale kwenye kona.

Kwa iyo kabla ya kugusa waya wowote tafuta ukweli wa joto kwa njia nyingine ambayo haipiti kwenye geji. Kuna vile vipimajoto vya kulenga kama bastola, vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, ila chukua cha viwandani, vile vya paji la uso tulivyopimwa navyo kipindi cha korona havifai, vimetengenezwa kwa joto la mwili wa mtu, vikizidi nyuzi arobaini na kitu vinagoma. Unalenga pale kwenye nyumba ya thamostati (kile kifaa kinachofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto), hozi kubwa ya juu inapotokea kwenye injini. Angalizo moja ambalo wengi hawalijui, ukilenga kwenye aluminiamu inayong'aa kinakupa namba ya uongo ya chini sana, kwa iyo bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme au paka rangi nyeusi kidogo, ikauke, alafu lenga hapo. Kama hicho kipimajoto hukipati tumia cha jikoni cha kuchovya, unafungua mfuniko wa rejeta asubuhi gari ikiwa BARIDI, unachovya, unawasha gari, unaacha ipate moto taratibu huku unasoma. Mfuniko usiufungue gari ikiwa na moto hata siku moja, hata kama mtu kakwambia uzungushe nusu tu na tambara. Maji yaliyo kwenye presha yanakuwa yamepita nyuzi 100 ila hayajachemka, ukifungua yanachemka yote kwa pamoja usoni kwako.

Namba za kutegemea ni hizi. Thamostati za dizeli nyingi za lori za Kijapani zinaanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 82 na zinafunguka zote kwenye 90 na kitu. Kwa iyo injini nzima ikiwa kazini utaikuta inacheza kati ya 80 na 95. Mfuniko wa rejeta ulioandikwa 0.9 (ndo presha unayoizuia) ukiwa mzima maji yanachemka karibu na 118, ulioandikwa 0.5 yanachemka karibu na 111, na mfuniko uliokufa mpira yanachemka kwenye 100 hapa Dar kwa sababu tuko usawa wa bahari, ila ukipeleka gari iyo iyo Mbeya kule juu yanachemka kwenye 94 hivi. Ndo maana kuna lori hapa mjini halina shida, likifika nyanda za juu linaanza kutema maji na dereva anaanza kulaumu wota pampu.

Ukishapima utakuwa na jibu moja kati ya matatu. Maji yako 85 na mshale uko chini kabisa, basi geji au sensa inadanganya. Maji yako 55 au 60 hata baada ya nusu saa ya kazi, basi mshale unasema kweli na injini yako inafanya kazi baridi, na hapo nitakuuliza swali moja tu, thamostati ipo? Maji yako 105 na mshale uko chini, hapo gari isitoke kabisa, una tatizo la kweli la kupoza na geji inalificha.

Kwenye hii ya thamostati nikae kidogo maana inaniuma. Hapa mjini imekuwa kama sheria, gari ikiingia gereji kwa kuchemsha kitu cha kwanza ni kuitoa thamostati na kuitupa, wanasema nchi yetu ina joto haihitajiki. Sio kweli. Dizeli ikifanya kazi baridi inakula mafuta zaidi, oili inachafuka haraka, ringi na silinda zinalika. Alafu kuna injini ambazo thamostati yake ina kisahani cha pili chini, kazi yake ni kuziba njia ya mkato injini ikishapata moto ili maji yote yalazimike kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa iyo, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, maji mengine yanazunguka ndani kwa ndani bila kupita kwenye rejeta, kwa iyo unaweza ukawa na injini ambayo asubuhi haipati moto na mchana kwenye mzigo mzito inachemsha. Kitu kilekile walichokitoa kuzuia kuchemsha ndo kinachemsha! Ifungue ile nyumba uangalie kwa macho yako, ni bolti mbili tatu tu. Na ukiweka mpya ijaribu kwanza kwenye sufuria ya maji ya moto, uione ikifunguka.

Haya, turudi kwenye umeme. Mfumo wenyewe ni mwepesi kuliko watu wanavyoufanya. Geji inapata umeme kutoka kwenye swichi kupitia fyuzi, kutoka kwenye geji unashuka waya mmoja mpaka kwenye sensa, na sensa yenyewe inapata ethi (njia ya umeme kurudi) kupitia nati zake, yale meno yaliyojifunga kwenye injini. Basi. Ndani ya sensa kuna kidonge ambacho kikiwa baridi kinabana umeme, kikipata moto kinaachia, umeme ukipita mwingi mshale unapanda, ukipita mdogo unashuka. Ukilielewa hilo tu huhitaji fundi wa kukubabaisha.

Jaribio lake ni la dakika moja. Swichi on, injini imezimwa, mtu mmoja akae kwenye kebini aangalie mshale. Chomoa waya kwenye sensa, mshale unatakiwa ulale C kabisa. Usipolala ukabaki juu, ule waya umechubuka mahali unagusa bodi, na kwenye hizi gari za kebini ya kukunja pa kwanza kuangalia ni pale waya zinapopinda kebini inapoinuliwa, miaka thelathini ya kunyanyua na kushusha plastiki ya waya inalika mpaka shaba inagusa chuma. Ukilala vizuri sasa ugusishe ule waya kwenye bloki, mahali penye chuma safi, mshale unatakiwa upande mpaka H. Ukianza tu kupanda toa, usiushikilie hapo, kwa sababu unaipa geji umeme mwingi kuliko ilivyozoea. Na usitegemee uruke kama wa spidi, geji nyingine za zamani mshale wake unapanda pole pole, zipe sekunde kadhaa. Ukipanda na kushuka hivo, geji ni nzima, waya ni mzima, fyuzi ni nzima, tatizo liko kwenye sensa au ethi yake. Usipopanda, gusisha tena ukiwa nyuma ya geji yenyewe kwenye deshibodi. Ukipanda ukiwa huko waya ndo umekatika njiani, usipopanda geji haina umeme au imekufa.

Ila kuwa makini unachomoa waya upi. Kwenye hizo injini pale kwenye nyumba ya maji unaweza ukakuta vitu viwili vimekaa jirani, kimoja ni cha geji na kingine ni swichi ya taa nyekundu ya hatari. Hivi havifanani kazi, cha taa kinakata au kuunga tu, hakina kati. Nimeshakuta mtu kabadilishiwa mara mbili kile cha taa huku cha geji hakijaguswa.

Sasa kwa nini mshale umeshuka zaidi baada ya sensa mpya? Nakisia vitu viwili, cheki vyote. Cha kwanza, fundi amezungushia ule utepe mweupe wa mabomba ya maji kwenye nati za sensa ili isivuje. Sensa ya waya mmoja ethi yake ni zile nati, ukizivalisha plastiki unaibania umeme na mshale unalala. Chukua mita weka kwenye omu (kipimo cha jinsi umeme unavyobanwa), ncha moja kwenye mwili wa sensa nyingine kwenye bloki, inatakiwa isome sifuri au karibu na sifuri. Ikisoma juu, fungua, toa utepe wote, weka washa ya shaba kama inaihitaji, kaza. Cha pili, sensa sio yake. Madukani utaambiwa "inaingia iyo bosi", na kweli inaingia kwa sababu nati zinafanana, ila kidonge cha ndani kimetengenezwa kwa geji ya gari nyingine. Sensa na geji ni mke na mume, ukimbadilisha mmoja kwa wa nyumba nyingine hawaelewani. Kama ile ya zamani hujaitupa zipime zote mbili. Sufuria ya maji jikoni, sensa inaning'inia kwa waya isiguse chini wala pembeni, maji yaguse kichwa cha shaba tu yasifike kwenye terminali, mita kwenye omu kati ya terminali na mwili. Maji ya baridi itasoma mamia kadhaa ya omu, na kadiri yanavyopata moto inashuka mpaka makumi kadhaa yakichemka. Kinachotakiwa ni ishuke taratibu bila kuruka wala kusimama. Na hapa Dar huhitaji hata kipimajoto kwa pointi ya mwisho, maji yakitokota ni 100. Ukikuta ya zamani na mpya zinatofautiana sana kwenye maji yaleyale, ya zamani kama bado inashuka vizuri irudishe, ilikuwa haina kosa.

Alafu angalia ilivyokaa ndani. Ukiitoa ukaikuta imevaa koti la kutu na chumvi, hayo ni maji ya kisima. Visima vingi vya hapa mjini vina chumvi, sensa inavaa ukoko, rejeta inaziba kuanzia chini, na hakuna geji itakayosoma sawa. Weka kulanti (maji maalumu ya rejeta), au kama mfuko haujakaa vizuri basi hata maji ya mvua yaliyokingwa safi ni afadhali kuliko ya kisima, mpaka utakapopata.

Nimeacha la usiku kwa makusudi kwa sababu ndo jepesi kulithibitisha, na nina uhakika nalo karibu wote. Altaneta imefungwa kwenye injini. Umeme unaotoka unaenda kwenye taa, ukimaliza kazi unarudi kwenye chesisi, na lazima utafute njia ya kurudi mpaka kwenye injini ilipo altaneta. Njia yenyewe ni ule mkanda wa ethi uliosukwa unaounga injini na chesisi. Injini inakaa kwenye raba, haina njia nyingine ya maana. Mkanda ukioza au bolti yake ikishika kutu, umeme wa taa kubwa unasongamana pale, na bloki ya injini inaachana na chesisi kwa volti moja, sa ingine mbili. Sasa kumbuka sensa imekaa kwenye hiyo bloki. Geji inaona upande wa sensa unavuta umeme zaidi, inadhani maji yamepata moto, mshale unapanda. Ukizima taa msongamano unaisha, mshale unarudi. Maji hayajabadilika hata nyuzi moja! Huyo aliyekwambia gasketi imekufa mwambie akueleze gasketi inajuaje kama umewasha taa.

Hapo angalia geji ya mafuta pia, na kwenye swali lako hukuitaja. Ukiwasha taa geji ya mafuta ikabaki imetulia na ya joto peke yake ndo inaruka, ni ethi ya injini, kwa sababu boya la tenki ethi yake iko kwenye chesisi haihusiki na injini. Zikiruka zote mbili kwa pamoja hamia kwenye deshibodi, ethi ya geji zenyewe imelegea, au kwenye lori za zamani zaidi kile kikata umeme kinachopunguza volti na kuzigawia geji zote mbili kimekufa. Nyuma ya deshibodi kuna nati ndogo za kushikilia geji kwenye ile karatasi ya shaba, zinalegea na mtikisiko, zikaze kwa mkono mwepesi, na shaba isugue kwa kifutio cha penseli. Msasa hapana, utaimaliza.

Kuthibitisha ethi ya injini washa gari, washa taa zote na feni ya kebini, mita weka kwenye volti za DC, ncha moja kwenye bloki mahali penye chuma kisichopakwa rangi, nyingine kwenye negativu ya betri inayoenda kwenye chesisi. Isizidi 0.2. Ukiona 0.8, 1.5, umempata mwizi. Kama mita huna tumia waya ya kubusti, unga bloki na iyo negativu mshale ukiwa juu, ukishuka palepale jibu umepata. ILA gari yako ni ya 24, ina betri mbili zimeungwa kwa mfululizo, kwa iyo kuna negativu mbili na moja kati ya hizo imeungwa na chanya ya mwenzake. Ukiishika iyo ukaipeleka kwenye bloki umeichoma betri moja na unaweza ukaungua mkono. Fuata kwa macho ile inayoenda kwenye chesisi, ndo iyo tu. Kama huna uhakika, shika chesisi yenyewe badala ya betri, kwenye chuma ulichokikwangua.

Dawa yake haina gharama. Toa mkanda wa zamani, kwangua rangi na kutu pande zote mbili mpaka chuma kiwe cheupe, weka mkanda mpya mnene kama wa betri, kaza, alafu paka grisi juu kuzuia maji yasiingie, grisi inapakwa baada ya kukaza sio kabla. Na usiuchukulie kama jambo la geji tu. Mkanda wa ethi ukiwa umekufa ukipiga stata umeme wote ule mkubwa unatafuta pa kupita, unapita kwenye kebo ya mafuta, hata kwenye bearingi za gia boksi. Ukiona kebo ya mafuta inakuwa ngumu au ina moto baada ya kupiga stata mara kadhaa, ndo hapo. Na stata yako kama asubuhi inazunguka kivivu na betri ni nzima, utashangaa itakavyoamka.

Kesho asubuhi kabla ya kwenda Tegeta fanya mambo matatu kwa mpangilio huu: cheki maji kwenye rejeta injini ikiwa baridi ujaze mpaka juu na utoe hewa, pima ethi ya injini na taa zikiwa zimewaka, alafu pima joto halisi pale kwenye tepu nyeusi baada ya nusu saa ya kazi. Niandikie hizo namba mbili, volti na nyuzi, na uniambie kama thamostati umeikuta. Mpaka hapo chukua mzigo nusu, usipite Mwenge saa za foleni, na kila ukisimama shuka ugusie mkono karibu na hozi ya juu na ya chini bila kuzishika, kama ya juu ni moto sana na ya chini ni baridi kabisa maji hayatembei, paki gari unipigie.